Barua kwa Mwanangu: Ile Filamu ya Mbwa

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Huku sote wazima. Najua ulikereka nilipoizima ile filamu mbele ya rafiki zako. Mdogo wako alikuwa amekaa mkekani, na mtoto akiona mbwa wanaongea hujua ni filamu yake. Lakini hiyo filamu, Strays, si yake. Huko Marekani ilikotengenezwa, mwaka 2023, iliwekwa daraja R: aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi. Mbwa ni wa kweli, midomo imechezeshwa kwa kompyuta, na matusi wanayoyatoa sijawahi kuyasikia hata stendi ya mabasi. Tena safari yao yote ni ya kwenda kumng'ata mtu sehemu za siri!

Watoto walipolala niliiangalia hadi mwisho. Uchafu ule haukunichekesha. Lakini yule mbwa Reggie alinitoa machozi.

Bwana wake, Doug, hampendi hata chembe. Anampakia kwenye gari, anampeleka mbali, anarusha mpira wa tenisi, kisha anaondoka zake. Reggie anaufuata, anarudi nao nyumbani mdomoni huku mkia ukicheza, akidhani ni mchezo wao wawili. Akitukanwa, anaona yeye ndiye mbwa mbaya. Mpaka siku anapotupwa mjini, ndipo Bug, mbwa wa mitaani, anapomwambia ukweli: mwenzangu, umeachwa.

Mwanangu, hapo ndipo nilipokuwaza wewe, maana sasa uko chuoni, mbali na macho yangu. Nimewaona wasichana wenye akili zao, wengine ni ndugu zetu, wakipigwa na kutukanwa, halafu wao ndio wanaoomba msamaha. "Mimi ndiye niliyemuudhi, mama." Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, kutoka kwa msichana aliyevimba jicho.

Akitokea mtu wa namna hiyo, asikufanye ukae unatafuta kosa lako. Nipigie simu, hata ikiwa saa nane usiku. Nauli ipo, baba yako naye anajua. Tutakuja kukuchukua, na sitakuuliza ulimfanya nini.

Ukija likizo, mdogo wako atakwenda kulala kwa bibi, nasi tutaiangalia pamoja. Nataka kusikia wewe ulimwonaje Reggie.

Akupendaye,
Mama