Stendi zimesimama, kwa taabu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako uliye mbali na makelele ya darasa langu. Uliniuliza kama zile stendi za ala za muziki nilizokuchorea zimepata kusimama. Zimesimama, ila ya kwanza ilianguka, tena na gitaa juu yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilichukua mabomba ya plastiki ya nusu inchi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa stoo, nikayaunga kwa viungio vya elbo (vya kona) na tii (vya njia tatu), na miguu ya nyuma nikaifanya mifupi isile nafasi. Nikaweka gitaa, nikalisukuma kwa kidole, likatulia. Nikajisifu. Kumbe mtoto hasukumi kwa kidole. Mtoto hupita na begi mgongoni, akaitwa, akageuka ghafla. Gitaa lilipata ufa ubavuni, urefu wa kiganja, na darasa zima likawa kimya kama maji mtungini.

Mara ya pili nikatumia bomba la robo tatu inchi, nikairefusha miguu ya nyuma, na gitaa nikalilaza nyuma kidogo ili uzito wake uwe katikati ya miguu. Kisha, kabla sijapaka gundi, nikajaza mchanga mkavu kwenye bomba la chini. Mchanga ndio uliomaliza ubishi. Siku hizi kidole sikitumii tena: nachukua begi lenye vitabu, napita nalo karibu na stendi huku nimegeukia kwingine, naigonga makusudi. Ikistahimili mara kumi, inaingia darasani.

Pale shingo inapoegemea nilikuwa nimefunga vipande vya tyubu ya baiskeli. Usinifuate. Mpira hula vanishi, hasa ile ya nitroselulosi iliyopakwa magitaa mengi ya zamani, na alama yake haifutiki. Nimebandua zote, nimezungushia blanketi kuukuu la pamba. Linachakaa upesi, lakini kulibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Ngoma hazikunisumbua. Zile ndefu zilizo wazi chini zilikuwa zinakaa sakafuni, na watoto wakilalamika kwamba hazina mlio mzito. Utatokea wapi, na mdomo wa chini umezibwa? Nimezitengenezea vigoda vya mbao vyenye tundu katikati, zikainuka kadiri ya kiganja kimoja. Kila kigoda kina miguu mitatu tu, maana sakafu yetu ni mabonde na vilima, na miguu minne ingechezacheza kila siku.

Sasa marimba. Unazikumbuka zile mbao zilizopoteza fremu yake? Nilizilaza juu ya reli mbili nilizozipanga kwa macho tu, zikalia du, du, kama ninagonga meza. Basi nikauweka ubao mmoja juu ya vipande viwili vya sponji, nikanyunyiza chumvi, nikawa naugonga katikati taratibu. Chumvi ikaruka, ikatangatanga, halafu ikajikusanya mistari miwili, mmoja kila upande. Hapo ndipo ubao hautikisiki, na ndipo pa kuushikia. Ubao wa sentimita 30 ulinipa sentimita 6.7 hivi kutoka kila ncha. Na kwa kuwa mbao zinazidi kufupika, reli imebidi zikaribiane kuelekea upande wa sauti nyembamba. Watoto wakataka turudie ile ya chumvi. Tukarudia, tukarudia tena, mpaka kengele ikatukuta hatujaimba hata noti moja.

Kimebaki kinanda cha umeme, nacho ni kizito. Nilifikiria miguu ya kupishana kama mkasi, lakini nikiwaza vidole vya watoto pale panapokunjika, mwili unanisisimka. Wewe useremala umenizidi, niandikie ungeifungaje ile miguu isikunjike. Na ukija, njoo na msumeno wako. Wangu umebaki kibogoyo.

Wasalaam,
Ni mimi rafikiyo