Barua kwa mwanangu anayesoma falsafa ya Kihindu

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Ami yako ameniuliza kama ni kweli chuo kinakusomesha dini ya Mabaniani. Nimemjibu ndiyo, na kwamba al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, alikutangulia. Yeye alijifunza ukubwani Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Wahindu, akafasiri kwa Kiarabu maandiko ya Patanjali, mwalimu wao wa yoga, na mnamo 1030 akatoa kitabu chake juu ya India. Humo anasema hakukusudia kubishana na Wahindu, bali kuyaeleza maneno yao kama wanavyoyasema wenyewe. Na alibaki Muislamu.

Kwa hiyo sihofii imani yako. Nahofia ule wepesi wa kusema dini zote ni kitu kimoja. Wahindu wenyewe hawakubaliani! Mwanafalsafa wao Shankara alifundisha kwamba Brahman, yaani asili kuu ya vyote, peke yake ndiye wa kweli, na utofauti tunaouona unatokana na ujinga, kama mtu kuona nyoka gizani kumbe ni kamba. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine aliyefundisha Srirangam, kusini mwa India, aliishika hoja hiyo kooni: huo ujinga unakaa wapi? Ukikaa kwa Brahman, basi si mkamilifu. Ukikaa kwa nafsi, nafsi yenyewe mmeshasema imezaliwa na ujinga. Kwake yeye, ulimwengu na nafsi ni vya kweli, na ndivyo mwili wa Mungu. Kisha akaja Madhva katika karne ya 13, akasema Mungu na nafsi ni mbalimbali milele. Wote watatu wanafafanua Brahma Sutra ileile, kitabu cha kale juu ya Brahman. Basi ukisikia "Wahindu wanaamini", uliza ni Wahindu gani.

Utamsoma pia Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala India. Mwaka 1657 alikamilisha tafsiri ya Upanishadi hamsini, maandiko matakatifu ya Wahindu, kwa Kiajemi akisaidiwa na wanazuoni wa Banaras, mji wao mtakatifu. Miaka miwili baadaye ndugu yake Aurangzeb akamuua. Nampenda kwa jasho lake. Lakini alidai Upanishadi ndicho kile kitabu kilichohifadhiwa kinachotajwa katika Suratul Waqia, na hapo simfuati. Aliwachukua watu na maandiko yao akawaingiza nyumbani kwetu kabla hawajamaliza kusema.

Darsa ya Kisanskriti usiiache, hata kama si ya lazima. Ada yake nitatuma mwisho wa mwezi. Na ukija Idi unieleze wafuasi wa Shankara walimjibuje Ramanuja kuhusu ule ujinga, maana mimi bado sijaona pa kutokea.

Babako