Harambee ya mikanda ya presha ya watoto, tunaomba mkono wenu

Wazazi, walezi na nyie wote mliosoma shuleni kwetu hapa Tanga mkatawanyika, habari za siku nyingi. Kamati ya wazazi tunakuja na ombi, naomba msome mpaka mwisho maana ni la watoto wetu.

Nesi alikuja kuwapima watoto afya akiwa na mashine ya presha ya watu wazima tu, ule mkanda ukamzunguka mtoto wa darasa la pili karibu mara mbili na ncha bado inaning'inia, nesi mwenyewe akasema hiki kipimo siwezi kukiandika. Na ni kweli, mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono unashusha namba, mtoto mwenye presha anaonekana mzima anarudishwa darasani, na mkanda mdogo kwa mtoto mnene unapandisha namba mzazi anakosa usingizi bure. Mpira wa ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke asilimia 80 mpaka 100 ya mkono wa juu, kwa hiyo lazima tuwe na saizi tofauti.

Najua wapo watakaosema presha ni ya wazee. Jamani hapana! Kwa watoto wadogo mara nyingi chanzo ni figo, mtoto anaumwa koo au anatoka vidonda vya ngozi, wiki kadhaa baadaye anaamka uso umevimba, mkojo rangi ya soda nyeusi, presha iko juu. Halafu ipo ya kurithi, na hii watafiti wamehangaika nayo sana, wanachukua damu kidogo tu wanaangalia chembe nyekundu, kwa sababu kwenye ngozi ya chembe ile kuna enzaimu inayofanya kazi ya pampu, kila mzunguko inatoa sodiamu (madini ya kwenye chumvi) 3 inaingiza potasiamu 2, na mishipa ya damu nayo inatumia pampu za namna hiyo. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliandika kwamba chembe nyekundu za watu wenye presha isiyo na chanzo kingine zinabadilishana sodiamu na lithiamu (madini yaliyotumika maabara kupimia) kwa kasi kuliko za wengine, kwa njia nyingine isiyo pampu hiyo, na hata ndugu zao wa damu walionekana hivyo. Kwa hiyo mzazi kama wewe unameza dawa za presha, mwanao naye apimwe mapema hata kama anacheza mpira vizuri kabisa. Hicho kipimo cha chembe ni cha maabara za utafiti, hatuchangii hicho, sisi tunataka mkanda unaomtosha mtoto.

Lengo ni shilingi laki 9. Hapo kuna mashine mbili, mikanda ya saizi tatu, na fungu la kuwalipia kipimo cha mkojo na cha figo wale ambao presha itakutwa juu siku tatu tofauti, maana mara moja haitoshi, mtoto akitoka kukimbia au akimuogopa nesi namba inapanda tu. Wapo wazazi ambao hela ya maabara ndo inawafanya wasirudi kabisa, hao tusiwaache.

Buku inapokelewa, laki inapokelewa. Mpelekeeni mhazini wa kamati au mwalimu wa afya, mlio mbali mpigieni mhazini. Risiti zote zitasomwa kwenye mkutano wa wazazi pamoja na majina ya waliochanga, asiyetaka jina lake lisomwe aseme mapema.