Risala ya Vijana Wasomali wa Nairobi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Vijana wa Somalia, 15 Mei 2025

Mheshimiwa mgeni wa heshima, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, mama zetu, walimu, majirani na wenzetu wa vyuo, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa Eastleigh tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, mheshimiwa, kwa kuacha shughuli za Bunge kule Mogadishu ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki. Risala tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tumezaliwa au tumekulia Kenya, na pia wako hapa walimu na majirani ambao Kisomali chao kinaishia kwenye salamu na kuagiza chai.

Mheshimiwa, siku ya leo ina wenyewe. Tarehe 15 Mei 1943 vijana 13 walikutana Mogadishu wakaunda klabu yao, ambayo mwaka 1947 ilibadilishwa jina ikawa Somali Youth League, yaani Umoja wa Vijana wa Somalia. Kila aliyejiunga alikula kiapo, na ndani ya kiapo hicho aliahidi kutotaja ukoo wake. Akiulizwa yeye ni wa nani, ajibu kwamba ni Msomali, basi. Matawi yalienea mpaka Wajir, Isiolo, Garissa na Mandera, hadi serikali ya kikoloni ya Kenya ikakipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Januari ya mwaka huohuo, tarehe 11, Hawo Tako, mwanamke mwanaharakati wa chama hicho, aliuawa katika ghasia za Mogadishu, wakati tume ya mataifa manne makubwa ilipokuja kuuliza Wasomali wanataka nini. Miaka 12 baadaye nchi ikawa huru, na chama kilichoanzishwa na vijana hao ndicho kilichoongoza serikali.

Hadithi hii tunasimuliwa kila mwaka. Tunavishwa skafu za buluu, tunapigwa picha na bendera, tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Wanaotusimulia ni wazee wetu na tunawaheshimu, lakini baadhi yao ndio hao hao wanaotuambia tungoje zamu yetu. Wale 13 hawakungoja zamu.

Tunasikia mara nyingi, hata kwenye mikutano ya wafadhili, kwamba vijana wa Kisomali hawashiriki siasa. Kwa heshima zote, mheshimiwa, si kweli. Tunashiriki mchana na usiku. Ni kijana anayeendesha gari la mgombea, kijana anayeshika kamera, kijana anayekesha kwenye Facebook akijibu matusi ya upande wa pili, kijana anayesimama na bunduki kwenye lango la hoteli huku wakubwa wakijadiliana ndani. Zaidi ya asilimia 70 ya Wasomali wako chini ya miaka 30, kwa hiyo hata ukitaka kutuacha nje ya siasa huwezi, maana kazi nani angeifanya? Kinachotukera ni kwamba kazi ikiisha na viti vikaanza kugawanywa, tunaambiwa tukasubiri nje.

Chukua uchaguzi wa 2021 na 2022. Kila kiti cha Bunge la Wananchi, na viti ni 275, kilipigiwa kura na wajumbe 101 tu waliopitishwa na wazee wa ukoo. Mmoja wa wanachama wetu alikuwa na binamu yake aliyeitwa na wazee, akaambiwa amepata bahati, jina lake linaingia kwenye kinyang'anyiro. Alifurahi. Alinunuliwa suti na ada yake ikalipwa. Alipofika ukumbini ndipo alipofahamishwa kwamba yeye ni malxiis, yaani mpambe wa bwana harusi: anasimama pembeni ili ionekane kuna ushindani, na mwenye harusi ni mwingine. Kura zilipohesabiwa alipata mbili, na hadi leo anashangaa hizo mbili zilitoka wapi. Tumecheka sana kwa kisa hiki, lakini hali hiyo ilijulikana nchi nzima, na miongoni mwa waliotumika kama wapambe walikuwamo vijana na wanawake.

Mfumo wenyewe wa kugawana viti kwa koo, unaoitwa nne na nusu, ulikubaliwa Arta, Djibouti, mwaka 2000. Koo kubwa nne zinapata mgao sawa na jamii nyingine zote zinagawana nusu ya mgao mmoja. Ulikusudiwa kuwa daraja la kuvuka vita, na hatuna ubishi kwamba ulisaidia watu kuweka silaha chini na kuzungumza. Mazungumzo yaliendelea humuhumu Kenya, kuanzia Eldoret hadi Mbagathi, na Bunge la mpito liliapishwa hapa Nairobi mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana miaka 21 na hajamchagua mbunge wa taifa kwa kura yake hata mara moja. Wala baba yake, kama hakutimiza umri mwezi Machi 1969, ambapo nchi nzima ilichagua wabunge moja kwa moja kwa ushindani wa vyama kwa mara ya mwisho.

Asiyekuwepo na lake halipo. Katika nne na nusu hakuna fungu la kijana, hivyo shida yake haina mtu wa kuibeba.

Mwananchi akipewa karatasi ya kura mambo hubadilika, na mfano tunao. Hargeisa, yaani Somaliland, wana utawala wao na hatukuja hapa leo kubishania mipaka. Lakini katika uchaguzi wao wa Mei 2021, mgombea aliyepata kura nyingi kuliko wote alikuwa Barkhad Batuun, mwanaharakati wa jamii ya Gabooye. Hao ni watu ambao katika hesabu ya nne na nusu wamo kwenye ile nusu. Alipigiwa kura na watu wa kila ukoo. Tuseme ukweli wote pia: katika uchaguzi huohuo hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda kiti cha ubunge, kwa hiyo kura ya moja kwa moja peke yake si dawa ya kila kitu.

Wako pia waliofika mezani. Abbas Abdullahi Siraji alikulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapahapa Kenya, akawa mbunge kisha waziri wa ujenzi akiwa na miaka 31. Tarehe 3 mwezi huu imetimia miaka minane tangu auawe kwa risasi ndani ya gari lake mjini Mogadishu, na walinzi wa serikali waliodhani ni mshambuliaji. Dadaab walimlilia kama mtoto wa kila nyumba. Mama zetu wengi waliopo hapa, kila kijana anapotaja siasa, humkumbuka yeye, halafu wanatuuliza kwani biashara ina ubaya gani.

Mheshimiwa, mwezi uliopita uandikishaji wa wapiga kura kwa ajili ya kura ya moja kwa moja ulianza Mogadishu. Tunajua majimbo ya Puntland na Jubaland hayakubaliani na mpango huu, na kwamba upinzani nao una malalamiko yake. Hatukuombi uchague upande mbele yetu. Tunaomba yafuatayo, popote mabishano hayo yatakapofikia.

Uchaguzi uliopita ada ya kugombea Bunge la Wananchi ilikuwa dola 10,000, na wanawake walilipa nusu. Tunaomba punguzo kama hilo, au kubwa zaidi, kwa mgombea mwenye chini ya miaka 35. Katiba ya muda ya 2012 inamruhusu mtu wa miaka 25 kugombea, lakini mtu wa miaka 25 mwenye dola 10,000 mkononi huwa ametumwa na mtu. Tunaomba pia vyama vinavyosajiliwa sasa vibanwe kisheria viweke vijana mahali pa kushinda kwenye orodha zao, si mkiani. Na sisi tulio nje, wa Eastleigh, wa Dadaab, wa Kakuma, tunaomba utuulizie bungeni tutaandikishwa wapi na lini, na utuletee jibu hata kama hatutalipenda.

La mwisho ni dogo. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kuisoma katiba, kifungu kwa kifungu, na tunabishana mpaka magharibi. Nakala tuliyonayo ni moja, imetolewa fotokopi mara nyingi hadi kurasa za katikati hazisomeki. Tukipata nakala ishirini za Kisomali tutashukuru, na ukitusaidia kumsemesha mwenye ukumbi atupunguzie kodi, tutashukuru zaidi.

Baada ya hotuba yako, mheshimiwa, tumetenga muda wa maswali. Tunaomba walinzi wako wavumilie, maswali ni mengi.

Naomba kuwasilisha.