Pedali yako bado ninayo

Tanga, Jumapili usiku

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, na mama anauliza lini utakuja kula bada.

Najua swali lako la kwanza. Pedali yako ya gitaa ipo, iko juu ya kabati, imefunuliwa, na skrubu zake nimezitia kwenye kibiriti zisipotee. Miezi mitatu si mchezo, nakubali. Ila safari hii sikukaa bure.

Uliponiachia ulisema kwamba tangu yule fundi aiguse imebadilika: inakwaruza, lakini si ule mkwaruzo ulioununua. Kwa kawaida ningewasha chuma cha kulehemu nikaanza kung'oa spea moja moja mpaka nipatie. Tatizo ni bodi yenyewe, imechoka, njia zake za shaba zinabanduka ukizipasha moto mara mbili. Nikaogopa kukuulia. Ndipo nikashusha LTspice.

Ni programu ya bure. Unachora saketi kwenye skrini, unaandika thamani ya kila spea, kompyuta inakupigia hesabu ya volti kila mahali, kila chembe ya sekunde. Msingi wake ni SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, ili wahandisi wajaribu saketi kabla ya kuzitengeneza. Sisi wa magitaa tumedandia tu.

Nikaifuatilia bodi yako kwa kalamu na karatasi. Haina jina, lakini ukoo wake ni ule wa MXR Distortion+ ya miaka ya 1970: opampu moja (chipu ya kukuza mawimbi ya umeme), aina ya 741, na kwenye njia ya kutokea dayodi mbili za jerimani (spea zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zinazotazama pande tofauti, zikishuka kwenye negativu. Spea hazifiki hata thelathini. Nikachora, nikabonyeza, nikapata mstari mnyoofu. Kimya kabisa.

Siku mbili nakagua waya, Hamisi! Kumbe kosa ni herufi. Rezista (spea za kuzuia umeme) za omu milioni moja niliziandika 1M, kama nilivyozoea kuona kwenye michoro. Humo ndani M, kubwa au ndogo, ni mili. Kwa hiyo pale penye megaomu mimi nimeweka sehemu moja ya elfu ya omu, yaani kipande cha waya, na sauti yote inamwagika kabla haijafika kwenye opampu. Unatakiwa uandike 1Meg. Nilicheka peke yangu saa saba usiku mpaka mama akagonga mlango.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Ile 1Meg ukiigawa kwa rezista ya kilo-omu 4.7, ukajumlisha moja, unapata kama 214. Basi ukifungua kitufe chote, noti za juu zinakuzwa mara 214. Milivolti 100 za gitaa zingetaka kutoka volti 21, na betri ni volti 9 tu! Kwa hiyo wimbi linakatwa vichwa mara mbili, kwanza na betri, halafu na dayodi. Miaka yote napiga pedali za namna hii na sikuwahi kulijua hilo. Nilidhani kazi yote ni ya dayodi.

Lakini kilichoniteka ni hiki: unaweza kuilisha faili ya WAV. Nikajirekodi sekunde nne, nikaingiza, nikaiacha ihesabu. Maharage yaliiva kabla haijamaliza. Ya kwanza ilitoka fujo tupu, kwa sababu programu inachukulia kilele cha faili kuwa volti moja, na gitaa langu halifiki huko hata ukilipiga kwa hasira. Nikaishusha mpaka sehemu moja ya kumi. Ya pili ikatoka kali, kama mtu anakwangua bati. Hapo kosa lilikuwa opampu: niliweka ile ya jumla iliyomo ndani ya programu, haichoki. Ya 741 inachoka. Uwezo wake, yaani ukuzaji ukizidishwa na masafa, ni kama megahezi 1, na ukiigawa kwa 214 inabaki chini kidogo ya kilohezi 5. Vinavyochoma sikio juu ya hapo vinafifia. Kumbe ule uzito wa sauti tunaousifu ni uzee wa chipu!

Nikaweka ya 741, ikatulia. Hata hivyo haikufanana na yako. Yangu ilikuwa laini, yako ina kitu kama pua. Nikajaribu kubadili dayodi moja tu, nikaweka iliyotengenezwa kwa silikoni, nyingine nikaiacha ya jerimani. Mchoro wa wimbi ukawa kilema: juu unakatwa karibu na volti 0.6, chini karibu na 0.3. Nikaisikiliza. Pua ile ile.

Nikashusha pedali, nikachukua mita. Kwa kuwa dayodi zinatazamana kinyume, sikung'oa chochote: nikapima, 0.3. Nikageuza nyaya za mita, 0.6. Yule fundi alikosa ya jerimani akaweka aliyokuwa nayo. Simlaumu sana, siku hizi jerimani ni ya kutafuta kwa tochi.

Sasa nina dayodi moja ya jerimani niliyoichomoa kwenye redio ya marehemu babu. Naweza kuirudishia pedali sauti yake ya zamani kwa kulehemu mara moja, na bodi itavumilia mara moja hiyo. Ila mimi, tukisema ukweli, nimeipenda na kilema chake. Kwenye solo inajitokeza mbele ya besi bila kuongeza sauti.

Nakutumia faili mbili, A na B. Zisikilize kwa hedifoni, si spika ya simu, na usimuulize mpiga dramu wenu. Nijibu herufi moja tu. Kabla ya hapo chuma hakiwashwi.

Wako,
Salimu