Kabla ligi haijaanza, hesabu matundu ya mpira wako wa bolingi

Msimu wa ligi ukikaribia simu hazikatiki hapa dukani na karibu wote mnauliza kitu kilekile, huu mpira wangu unaruhusiwa au hauruhusiwi? Jibu refu liko kwenye kitabu cha sheria cha USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, ila sisi kwenye simu tunakwambia hivi: geuza mpira, hesabu matundu, alafu utuambie kila tundu linaingia kidole gani. Kama kuna tundu halina mwenyewe basi lete mpira.

Tuelewane kwanza, tunaongelea ligi na mashindano yaliyosajiliwa na USBC. Kama unacheza tu na marafiki wikiendi hamna mtu atakukagua, tumia mpira wowote unaoupenda, hata wenye matundu kama kichungi.

Sasa hilo tundu la ziada. Mipira mingi iliyotobolewa kabla ya 2020 ina tundu la nne pembeni, wengi tunaliita tundu la balansi, na halikuwekwa kwa urembo. Enzi hizo sheria ilisema upande wa kushoto na wa kulia wa mpira visizidiane zaidi ya aunsi 1, sasa mpira wenye kiini cha umbo la ajabuajabu ukishatoboa matundu ya vidole unakuta upande mmoja umezidi, kwahiyo fundi anapunguza uzito kwa kutoboa tundu lingine. Hiyo ndo ilikuwa sababu ya kwanza. Baadaye mafundi wakagundua kwamba ukilipanga vizuri hilo tundu, mahali pake na kina chake, unabadilisha jinsi mpira unavyojizungusha kwenye leni (ile njia ya kuelekea kwenye pini), unaweza kuufanya ukate kona kwa nguvu zaidi au utulie, na hapo ikawa biashara kabisa, mtu ananunua mpira mmoja anataka utende kama mwingine.

USBC wakaona inatosha. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 matundu ya balansi yamefutwa, na kila tundu kwenye mpira lazima liwe la kushikia na litumike kila unaporusha. Wakati huohuo wakalegeza ile ya uzito, sasa kwa mpira unaozidi pauni 10 tofauti inayoruhusiwa ni aunsi 3, iwe juu na chini, iwe kushoto na kulia, iwe upande wa vidole na upande wa dole gumba (mipira myepesi zaidi ina kipimo chake kikali, uliza kabla ya kumtobolea mtoto). Kwa maoni yetu hiyo ni biashara nzuri, maana mpira wa kawaida ukitobolewa na fundi anayejua kazi ni nadra sana kuvuka aunsi 3, kwahiyo ile sababu ya kwanza ya kutoboa tundu la nne imekufa yenyewe.

Wanaoteseka zaidi ni hawa wanaorusha kwa mikono miwili. Tangu Jason Belmonte wa Australia aanze kuchukua mataji makubwa kwa staili hiyo vijana wengi wameacha dole gumba nje, sasa mtu ananunua mpira uliotumika wenye matundu matatu, anaingiza vidole viwili tu, dole gumba halimo, anaona yuko sawa kwasababu "mbona ni tundu la kawaida tu". Ndugu yangu, tundu la dole gumba ambalo huingizi dole gumba kisheria halina tofauti na lile la balansi, halitumiki kushika, kwahiyo mpira wako haufai mpaka lizibwe. Na wapo wajanja wengine, kwenye strike (mrusho wa kwanza, wa kuangusha pini zote) anarusha bila dole gumba alafu kwenye spea (mrusho wa pili, wa pini zilizobaki) anaingiza ili mpira uende moja kwa moja, hiyo nayo haikubaliki kwa mpira huohuo maana sheria inasema kila unaporusha, haikusema ukijisikia. Kwa spea tafuta mpira mwingine wa plastiki, utakusaidia hata usingekuwa na shida ya sheria.

Kuziba siyo kazi ya kutisha. Tunasafisha tundu, tunalikwangua ndani ili gundi ishike, tunamimina resini, alafu tunaacha ikauke vizuri, na hapa ndo tunagombana na wateja, mtu anakuja mchana ligi ni jioni, hapana, hata ikikauka juu ndani bado, ukiikimbiza inazama baadaye unabaki na kishimo. Ikishakauka tunakata kilichozidi, tunapiga msasa mpira mzima na kuurudisha kwenye ung'avu uliokuwa nao, mwisho unapanda kwenye mizani ya balansi. Tunaupima pia uzito wote, kwasababu ukijaza tundu umeongeza uzito na mwisho wa sheria ni pauni 16, hapo hamna msamaha wa aunsi moja.

Ukubwa wa mpira hausumbui watu, kiwanda kinatengeneza wa inchi 8.5 na kitu na unabaki hivohivo, labda uwe umepigwa msasa miaka na miaka. Kinachosumbua ni maandishi. Mpira lazima uwe na jina la kiwanda, jina la mpira wenyewe, na namba yake ya utambulisho iliyochongwa, na uwe kwenye orodha ya mipira iliyoidhinishwa na USBC, orodha iko kwenye tovuti yao na inabadilika maana mpira ulioruhusiwa jana unaweza kuondolewa kesho, imeshatokea. Ukinunua wa mkononi angalia hiyo namba kabla hujatoa hela. Kama imesagika haisomeki, muuzaji akupunguzie.

Kuna ugumu pia. Gamba la nje linapimwa kwa duromita, na kiwango cha chini kilichojulikana miaka mingi ni 72, siku hizi wamekaza zaidi kwa mipira mipya. Hii ina historia tamu, mwaka 1973 Don McCune alikuwa analoweka mipira ya plastiki kwenye kemikali ili gamba lilainike na kung'ang'ania leni, akashinda mataji mpaka akawa mchezaji bora wa mwaka wa PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, na wakati huo haikukatazwa! Sheria za ugumu zikaja kwa sababu ya mambo kama hayo. Kwahiyo wewe unayeuliza kama unaweza kuloweka mpira wako kwenye sijui nini ulichoona kwenye video, jibu ni hapana. Ukitaka oili ya leni ambayo mpira umeinyonya itoke ndani ya gamba tuletee, tuna mashine ya joto la taratibu, oveni ya jikoni inapasua mipira.

Na mkiwa uwanjani mchezo umeshaanza ni taulo kavu tu. Spiriti, sabuni ya mpira, chupa za kupulizia, zote zinabaki kwenye begi tangu 2019, tumia kabla au baada. Msasa nao hivohivo, kabla ya mchezo unaruhusiwa na upige mpira mzima siyo ule mstari wa oili peke yake, ila mechi ikishaanza ukiugusa kwa msasa huo mpira unatoka.

Ukija kukaguliwa njoo na mipira yako yote ya ligi, ule wa spea pia, na usibandue teipu za ndani ya matundu maana hizo zinaruhusiwa na tunataka kuona unavyoshika kweli. Ukaguzi ni wa kusubiri hapohapo. Wa kuziba acha mpira, tutakupigia ukiwa tayari, na tafadhali usije siku ya mechi.