Aiskrimu ya parachichi za Rungwe

Mhariri,

Msimu ukifika hapa Tukuyu parachichi zinaoza chini ya miti, halafu watoto tunawanunulia aiskrimu yenye rangi tu. Jamani! Mimi natengeneza mwenyewe, kwa mtindo wa gelato ya Waitaliano: maziwa mengi, krimu kidogo. Nachemsha maziwa na sukari, nayaacha yapoe kabisa, ndipo nasaga na parachichi iliyoiva na maji ya ndimu. Sukari usiibanie, ndiyo inayozuia isigande ikawa jiwe. Mashine sina. Naweka kwenye friza, kila nusu saa navuruga kwa uma, hasa pembeni inakoanzia kuganda. Umeme ukikatika, kuzamisha chombo kwenye ndoo ya barafu na chumvi kunatosha. Mume wangu anadai ya kakao ndiyo tamu zaidi. Ni mtu wa Kyela, kwenye mashamba ya kakao, tumsamehe.

Mama wa Tukuyu, Mbeya